Pasi ya Bomba na Mawimbi ya Kitambaa

Kola ya kwanza niliyoitia mawimbi ilisimama kwa dakika kama 20 tu. Niliishona kwa pamba nyepesi, nikaikunja wimbi baada ya wimbi kwa ncha ya pasi ya umeme, nikibana kila mkunjo mpaka mvuke ukome kutoka. Mezani ilipendeza. Mwigizaji akaivaa, akatoka jukwaani, na kabla sehemu ya kwanza ya mchezo haijaisha kola ilikuwa imeshalala mabegani mwake. Mawimbi yalifunguka moja moja, yakianzia nyuma, pale jasho la shingo lilipoanza. Nilikuwa nimesimama pembeni ya pazia na sindano mkononi, na hapakuwa na mshono ambao ungeweza kuinusuru.

Mimi hushona nguo za jukwaani. Marinda ya kawaida nilikuwa nayaweza tangu zamani: unapima, unakunja, unabana kwa pini, unalaza kitambaa chenye unyevu juu yake, unapiga pasi. Lakini zile kola pana za duara ambazo watu wa Ulaya walizivaa katika karne ya 16 hazina marinda bapa. Zina mawimbi. Ukizitazama ukingoni unaona vitundu vilivyopangana, kimoja kimeelekea juu na kingine chini, kama sega la nyuki. Wafaransa kazi hii huiita gaufrer, na neno hilo lina asili moja na gaufre, ambalo kwao ni jina la sega la asali. Siku nilipolijua hilo nilielewa kwa nini pasi yangu ilishindwa. Pasi bapa imeundwa ili ilaze kitambaa, nami nilikuwa naidai isimamishe.

Aliyenifundisha ni mama mmoja aliyetunza nguo za jukwaani kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Nilimpelekea ile kola iliyolala. Hakuisema vibaya. Aliigeuza, akaipapasa ukingo, akauliza, "Kanji uliitia lini?" Nikamwambia sikuitia kabisa. Akainuka, akaniletea kitu kizito kilichofungwa kwenye kitambaa cha pamba.

Kilikuwa ni bomba la chuma, nene kidogo kuliko kidole gumba, limelazwa juu ya mguu wa chuma uliosimama imara mezani. Ncha moja imezibwa kwa mviringo, laini kama yai; ncha ya pili iko wazi. Pamoja nalo kulikuwa na mchi wa chuma wenye mpini. Mchi ndio unaopashwa moto, kisha unachomekwa ndani ya bomba. Waingereza waliiita pasi ya Kiitalia. Mimi mpaka leo naiita pasi ya bomba, kwa sababu jina hilo linamwambia anayejifunza afanye nini.

Uzuri wake niliuona mara moja: bomba lenyewe halikutani na moto. Kwa hiyo halina masizi, halina majivu, wala halina doa la kuhamia kwenye kitambaa cheupe. Joto linatoka ndani, linasambaa polepole, na uso wa bomba unabaki safi.

"Mwanangu," aliniambia wakati mchi ukiwa bado jikoni, "moto haukunji nguo. Moto unalegeza tu. Kinachokunja ni kupoa."

Nilidhani ananipoza moyo. Ilinichukua miezi kuona kwamba alikuwa ananipa maelezo ya kazi yenyewe. Pamba na kitani ni nyuzi za selulosi, na ndani ya nyuzi hizo chembe zimeshikana kwa viungo vidogo vya haidrojeni. Maji yakiingia, pamoja na joto, viungo vile vinaachiana na uzi unakubali kupindwa. Maji yakitoka na uzi ukapoa, viungo vinashikana upya katika umbo jipya. Ukiliondoa wimbi kwenye bomba likiwa bado la moto na lina unyevu ndani, umelilegeza tu. Halijapata muda wa kushika. Ndivyo nilivyoifanyia ile kola ya kwanza. Nilibana, nikaachia upesi, nikasogea kwenye wimbi linalofuata, na lile la nyuma likaanza kulegea bila mimi kuona. Jasho la mwigizaji lilimalizia tu kazi.

Kanji, yaani wanga wa nguo, ndiyo inayolinda umbo hilo, na ndiyo niliyoikosea zaidi. Mwanzoni nilikoroga unga wa wanga katika maji ya baridi na kuchovya kitambaa humo. Kilikauka kikawa na vumbi jeupe, kigumu mahali na laini mahali. Wanga mbichi unakaa juu ya uzi tu. Ni lazima upikwe: punje zake hufyonza maji na kupasuka kwenye joto la nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi, kutegemea ni wanga wa nini, na hapo ndipo maji meupe kama maziwa yanapogeuka kuwa uji unaopenya mwanga. Ukiona rangi imebadilika, kanji imeiva. Siku hizi natumia kijiko kimoja cha chakula kwa nusu lita ya maji kwa vazi laini, na vijiko vitatu hadi vinne kwa kola inayotakiwa kusimama. Naulainisha kwanza kwa maji ya baridi kidogo ili usifanye mabonge, kisha namimina maji yanayochemka huku nakoroga. Kipande cha nta kama punje ya mahindi, kikiyeyukia humo, kinasaidia pasi isigande na kinaacha mng'ao.

Kisha inakuja sehemu ambayo wengi huiruka, nami niliiruka. Kitambaa hakichovywi tu, kinasuguliwa. Unakipiga kwa viganja mpaka kanji iingie kati ya nyuzi, halafu unafuta ile iliyobaki juu. Ukiiacha juu, pasi itaichuna kama magamba, magamba yataungua, na yatakwenda kubandika kahawia kwenye wimbi la tatu au la nne. Baada ya hapo kitambaa kinakaushwa kabisa, kinanyunyiziwa maji, kinakunjwa kama mkeka na kuachwa kwa saa moja hivi ili unyevu uenee sawasawa. Hapo ndipo kinapigwa pasi bapa kifuate uzi wake, na hapo ndipo, kikiwa bado na ubichi kidogo, kinapandishwa kwenye bomba.

Mchi unaupasha mpaka uwe mwekundu wa kufifia, si wa kung'aa. Ukitoka motoni usiuchomeke upesi. Subiri wekundu upotee. Chuma kikipata moto kinatanuka, kwa hiyo mchi unaoingia kwa kusukumwa utakwama. Nilimwona mama yule akiurudisha pembeni na kuungoja kuliko kuulazimisha. Bomba likishapata joto, linajaribiwa kwa kipande cheupe cha kitambaa kilekile, si kwa kingine. Kikigeuka manjano, ngoja. Kikibaki cheupe na unyevu ukaondoka kwa mvuke mwembamba, anza.

Mikono yote miwili inashika ukingo wa kitambaa, gumba na kidole cha shahada kila upande, na unakivuta kushuka juu ya bomba, kikilikumbatia kwa nusu duara. Unatulia. Wimbi la kwanza hukaa pale mpaka mvuke ukome, na hata ukikoma, hesabu tena taratibu kabla ya kuliinua. Unalisogeza, unageuza kitambaa, na wimbi linalofuata linaelekea upande wa pili. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na haraka kuliko wa kushoto, kwa hiyo mawimbi yangu ya mwanzo yote yaliinamia upande mmoja. Hilo halirekebishwi kwa maelezo. Lilirekebishwa na mita nyingi za kitambaa chakavu.

Koleo ni chombo kingine kabisa, na ndicho kilichonitia hasara kubwa. Lina miguu miwili ya mviringo na mipini kama ya mkasi. Mguu mmoja unapita juu ya kitambaa, mwingine chini, unafunga kidogo, unazungusha kifundo cha mkono nusu mzunguko, unatulia, kisha unalichomoa kwa kufuata urefu wa wimbi. Ukilinyanyua kwenda juu unalifungua wimbi ulilolitengeneza sasa hivi. Koleo ni zuri kwa mawimbi membamba na kwa pembe ambazo bomba haliingii. Lakini linapashwa moto lenyewe, kwa hiyo linabeba masizi, na kwa kuwa ni jembamba linapoa baada ya mawimbi machache. Aliyelizoea ana makoleo mawili: moja linafanya kazi, la pili liko kwenye moto.

Mimi nilikuwa nalo moja. Nilikuwa nimefika theluthi mbili ya kola ya kitani, kitani kizuri cha uzi mwembamba, na usiku ulikuwa umekwenda. Ili nisirudi motoni kila mara nikaliacha lipate moto zaidi ili lidumu. Nikalifuta, sikulijaribu. Mstari wa kahawia ulitokea kwenye wimbi la kwanza tu, mwembamba kama uzi wa kushonea, katikati ya mbele ya kola. Kitani kinastahimili joto kuliko nguo nyingi, pasi ya nyuzi 200 haikisumbui, na pengine kwa sababu hiyo nilikiamini kupita kiasi. Nilikaa nikiutazama ule mstari kwa muda mrefu. Tangu usiku huo sijawahi kupeleka chuma kwenye kitambaa bila kipande cha majaribio, hata kama nimekijaribu dakika tano zilizopita.

Kuna kosa jingine ambalo halikuhusu moto bali hesabu, na nalieleza kwa kirefu kwa sababu fundi hodari wa cherehani anaweza kulifanya kama nilivyolifanya. Wimbi la nusu duara linakula kitambaa mara 1.57 ya nafasi linayoijaza: nusu ya mzingo ikigawanywa kwa kipenyo. Nilipima shingo, sentimita 40, nikazidisha, nikapata sentimita 63, nikaongeza kidogo nikakata. Mawimbi yalitoka vizuri. Nilipoishona kola shingoni ikakataa kuwa duara. Ilijikunja kwenda juu kama kikombe. Nilikuwa nimepima ukingo wa ndani, lakini mawimbi yanaonekana kwenye ukingo wa nje. Kola yenye upana wa sentimita 15 kuzunguka shingo ya sentimita 40 ina ukingo wa nje wa sentimita 134 hivi. Zidisha hiyo kwa 1.57, unapata zaidi ya mita 2. Na ukitaka mawimbi marefu yenye kuta zilizosimama, si nusu duara tu, hesabu inapanda haraka: kwa bomba la kipenyo cha sentimita 2 na kuta za sentimita 3 kati ya wimbi na wimbi, kola hiyohiyo inataka zaidi ya mita 4. Ukingo wa ndani wote huo unarundikwa kwa uzi na kubanwa kwenye mkanda wa shingo. Nilipokubali kukata mita nne kwa ajili ya shingo ya mtu mmoja, kola ikatulia.

Vitambaa vingine nilivijua kwa kuviharibu. Ukingo wa lesi ya nailoni uliyeyukia kwenye bomba na ikanibidi nilisugue bomba siku nzima. Hariri inataka joto la chini kuliko pamba, na haitaki kunyunyiziwa matone kwa sababu kila tone linaacha duara. Sufu inataka mvuke na subira. Poliesta ina tabia yake kabisa: haitegemei kanji wala vile viungo vya haidrojeni, nyuzi zake hulainika kwa joto lenyewe, na ikishikishwa umbo kwa joto kali kiwandani, marinda yake hayafunguki hata ikifuliwa. Ndiyo maana Issey Miyake, mbunifu wa mavazi wa Japani, aliweza kushona nguo ikiwa kubwa mara mbili na nusu hadi tatu, kisha akaikunja nzima kwenye mashine ikiwa imeshashonwa. Marinda ya hariri ya mbunifu Mariano Fortuny, aliyeyasajili kwa hataza mwaka 1909, hayakuwa na kinga hiyo. Gauni lililolowa lilihitaji kukunjwa upya, na lilitunzwa likiwa limesokotwa kama kamba. Naipenda poliesta kwa mwigizaji anayetoka jasho jingi. Lakini wimbi lake lina ukingo mkali wa mashine, na chini ya taa macho yanaona.

Nikirudi kwenye maneno ya mama yule kwamba moto haukunji nguo: niliyaamini kikamilifu siku aliponionyesha namna ya kupata mawimbi bila pasi yoyote. Zamani kulikuwa na fremu ndogo ya mbao yenye nguzo mbili, na vijiti vyembamba vilivyopangwa kati yake. Kitambaa chenye kanji, kikiwa kibichi, kinapitishwa juu ya kijiti cha kwanza, chini ya cha pili, juu ya cha tatu, mpaka fremu ijae. Vijiti vinabanwa kwa uzito, na kitambaa kinaachwa kikauke. Hakuna moto, na mawimbi yanashika. Watu walikunja kitani hata kabla ya chuma. Katika Jumba la Makumbusho la Petrie, London, kuna gauni la kitani kutoka Tarkhan, Misri, lenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, na mabega na mikono yake ina marinda membamba mpaka leo. Mchimbaji wa mambo ya kale, Flinders Petrie, alilifukua mwaka 1913 likiwa limo katika rundo la matambara, na lilitambuliwa kuwa ni gauni mwaka 1977 tu, rundo lile lilipopelekwa kusafishwa. Nikiwa na kola yangu iliyodumu dakika 20, habari hiyo ilinishika sana.

Basi nikaunganisha njia mbili. Ninapoinua wimbi kutoka kwenye bomba, kabla halijapoa, nalitia kijiti cha mbao cha unene uleule. Bomba linalegeza na kukausha, kijiti kinashikilia mpaka baridi iingie. Mawimbi yakalingana. Yakadumu. Mwigizaji yuleyule alivaa kola mpya onyesho zima, akatoka nayo jasho, na ukingo ulikuwa bado una vitundu vyake aliponirudishia.

Halafu ikabidi ifuliwe. Baada ya maonyesho matatu rangi ya uso ilikuwa imepanda kwenye ukingo wa ndani. Niliitumbukiza kwenye maji ya vuguvugu, na ndani ya dakika chache kanji ilikuwa imeachia, mawimbi yamenyooka, na kilichobaki beseni ni mita nne za kitambaa laini. Jioni mbili za kazi. Nilikuwa najua kwamba itakuwa hivyo, lakini kujua na kuona ni vitu viwili.

Ndipo nilipowafikiria wanawake waliofanya kazi hii kila wiki. Mwaka 1564 alifika London mwanamke aliyetoka Flanders, upande wa Ubelgiji ya leo, Dinghen van den Plasse, na akawa mashuhuri kwa kutia kanji. Aliwafundisha wengine kwa pauni 4 au 5, na kuchemsha kanji yenyewe kulikuwa somo la peke yake, la shilingi 20. Nilipoisoma habari hiyo sikushangaa kwamba uji ulikuwa na bei yake. Nami nimeukosea mara ngapi. Jina lake limebaki kwenye kumbukumbu. Maelfu waliomfuata hawakuandikwa popote, na kazi yao ilikuwa ni ya kufutika: picha za wakubwa wenye kola nyeupe zimejaa kwenye majumba ya sanaa, na kila kola katika picha hizo iliyeyuka kwenye beseni la mtu fulani siku chache baadaye na ikaanzwa upya. Kufikia karne ya 19 kulikuwa na mashine za kupunguza mzigo huo, zenye roli mbili za mifereji zinazopashwa moto kwa vyuma vya ndani na kuzungushwa kwa mkono. Huko Marekani, Susan Knox alipata hataza ya mashine ya namna hiyo mwaka 1866. Nimeitumia ya aina hiyo mara moja. Ina kasi ya kustaajabisha kwa ukingo wa gauni, lakini wimbi lake ni la saizi moja tu, dogo, na kola pana haiingii. Kwa kola nimebaki na bomba.

Sasa naianza kazi jioni ya siku iliyotangulia. Kanji inapikwa mchana, kitambaa kinalala kimekunjwa mpaka unyevu uenee, na jua likizama mchi unaingia motoni. Wimbi la mwisho likishapata kijiti chake nazima kila kitu na kola inabaki mezani usiku kucha, vijiti zaidi ya 60 vimetokeza pembeni. Sigusi. Zamani nisingeweza kuiacha. Ningerudi kuchungulia, ningevuta kimoja nione. Asubuhi naanza na kijiti nilichokitia kwanza. Nakizungusha kidogo kati ya vidole bila kukivuta. Kama kinang'ang'ania, ndani bado kuna unyevu, nakiacha. Kama kinazunguka chenyewe kikatoa sauti ndogo kavu ya mbao na kanji, nakichomoa, naweka pembeni, na naenda kwenye cha pili.